Roboti za Kutembea na Watu Wanaozivaa

Eksoskeletoni ni roboti inayovaliwa. Fremu yake ya alumini au nyuzi za kaboni hufungwa kiunoni na kuteremka kando ya mapaja na miundi hadi kwenye bamba linalolala chini ya unyayo. Mota zilizopachikwa usawa wa nyonga na magoti hukunja na kunyoosha miguu, betri hukaa mgongoni au kiunoni, na kompyuta ndogo huamua wakati wa mguu kunyanyuka. Mtu aliyepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, au aliyepatwa na kiharusi kikamlegeza upande mmoja, huegemea mbele kidogo. Roboti huhisi kwamba uzito umehama, na hatua hupigwa. Mikononi huwa na magongo, kwa sababu nyingi ya mashine hizi zinajua kutembea lakini hazijui kutunza mizani.

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Mihajlo Pupin mjini Belgrade, chini ya Miomir Vukobratović, ilitengeneza mashine za kuvaa zilizosukumwa kwa hewa iliyobanwa na kuzijaribu kwa watu waliopooza. Betri na kompyuta za wakati ule hazikuruhusu jambo hilo lifike mbali. Karne ilipogeuka, kampuni ya Hocoma ya Uswisi ilileta Lokomat, mashine isiyotoka chumbani: mgonjwa huning'inizwa kwa mikanda juu ya mkanda unaozunguka, na miguu ya roboti humtembeza papo hapo. Wakati huohuo nchini Israel, mhandisi Amit Goffer, aliyepooza mikono na miguu kwa ajali ya mwaka 1997, alianzisha kampuni iliyotengeneza ReWalk, roboti ya kutoka nayo nje. Yeye mwenyewe hakuweza kuivaa, maana ReWalk inadai mikono yenye nguvu za kushika magongo.

Umma ulizifahamu mashine hizi kwa matukio mawili. Mwezi Mei 2012, Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza kwa kuanguka na farasi, alimaliza London Marathon akiwa ndani ya ReWalk baada ya kutembea kwa zaidi ya wiki mbili. Tarehe 12 Juni 2014, kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini São Paulo, kijana aliyepooza aliugusa mpira kwa mguu uliosukumwa na roboti ya mradi wa mwanasayansi wa neva Miguel Nicolelis. Mwezi huohuo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha ReWalk itumike nyumbani, na ikawa eksoskeletoni ya kwanza kupata ruhusa hiyo nchini humo. Mashine nyingine mbili, Ekso na Indego, zilipata idhini zao mwaka 2016. Ekso iliruhusiwa hospitalini tu, lakini pia kwa wagonjwa wa kiharusi.

Picha hizo zilijibu swali moja, kama mashine inaweza kumtembeza mtu. Inaweza. Swali la pili ni gumu zaidi: mtu huyo ataivaa tena kesho, na mwezi ujao, wakati hakuna kamera? Hilo ndilo linaloitwa kukubalika kwa kifaa, na ndipo roboti nyingi za kutembea zimekwama.

Namna ya kupima kukubali

Watafiti wengi wanaotaka kujua kama kifaa kimekubaliwa huazima kipimo kilichotokana na ofisi. Mwaka 1989 Fred Davis, akichunguza kwa nini wafanyakazi wanazitumia au wanazikwepa programu za kompyuta, alipendekeza kwamba mambo mawili huamua: mtu anaionaje faida ya kifaa, na anauonaje urahisi wa kukitumia. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, walipanua hoja hiyo kwa kuongeza shinikizo la watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira yanayomwezesha. Dodoso za aina hii sasa hupelekwa kwa mgonjwa wa kiharusi karibu kama zilivyo, huku neno "programu" likibadilishwa kuwa "roboti".

Uazimaji huo una kasoro iliyo wazi. Programu ya kompyuta haimfungi mtu kiunoni. Haimwachi na alama nyekundu kwenye ngozi isiyo na hisia, wala haimlazimu kuchagua kati ya kuitumia na kwenda msalani. Ndiyo maana vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya vifaa saidizi, kama QUEST ya Quebec yenye maswali 12, hufaa zaidi. Maswali yake manane yanahusu kifaa chenyewe, yaani uzito, vipimo, usalama, uimara, starehe na mengineyo, na manne yanahusu huduma inayokuja nacho, yakiwemo matengenezo. Kuyaweka matengenezo ndani ya kipimo cha kuridhika kulikuwa uamuzi wa busara, kama itakavyoonekana.

Hata dodoso nzuri hupotosha. Wanaojitokeza kujaribu roboti ni wale wanaoitamani. Wamesubiri miezi, wanahudumiwa na vijana wachangamfu wa chuo kikuu, na wamesimama wima kwa mara ya kwanza tangu ajali. Wakiulizwa jioni hiyo kama wameridhika, adabu tu inatosha kuwafanya waseme ndiyo. Kipimo cha kuaminika zaidi kimo ndani ya mashine yenyewe: nyingi huhesabu hatua na muda wa kusimama. Namba hizo za matumizi ya nyumbani husema jambo ambalo dodoso halisemi.

Mfano mzuri ni utafiti wa kliniki ya Sint Maartenskliniek ya Nijmegen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2020. Watu 14 waliopooza kabisa sehemu ya chini ya mwili walifundishwa kutumia ReWalk, kisha wakaruhusiwa kwenda nayo nyumbani kwa wiki mbili au tatu. Waliitumia, na kwa furaha. Lakini waliitumia zaidi kwa mazoezi na kwa kukutana na watu, si kwa kupika, kufanya manunuzi au kwenda kazini. Kwao roboti ilikuwa chombo cha mazoezi, na maisha ya kila siku yaliendelea kwenye kiti cha magurudumu.

Mshindani halisi

Wabunifu wengi walidhani mashine yao inashindana na kupooza. Kwa mtumiaji, inashindana na kiti cha magurudumu, na kiti hicho ni mpinzani hodari. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Louie, Eng na Lam mwaka 2015 yalipata kwamba watu wasioweza kutembea, baada ya kufunzwa kutumia eksoskeletoni, walikwenda kwa wastani wa mita 0.26 kwa sekunde. Wataalamu wa mwendo huchukulia mita 0.4 kwa sekunde kuwa mpaka wa chini wa kutembea nje ya nyumba kwa kiasi, na mita 0.8 kuwa mwendo wa mtu anayejimudu mitaani. Taa za kuvukia barabara nchini Uingereza zimezoeleka kupangwa kwa kukadiria mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya upana wa mita 12 huvukwa kwa sekunde kumi kwa mwendo huo. Mvaaji wa roboti mwenye kasi ya wastani ataivuka kwa sekunde 46. Mwenzake aliyeketi kitini atakuwa ameshafika ng'ambo, mikono yake haina magongo, na mfuko wa manunuzi uko mapajani.

Kasi si yote. Kiti hakihitaji kuchajiwa kila baada ya saa chache, kinaingia kwenye teksi, na kikipata pancha kuna fundi. Kiti cha wastani hugharimu sehemu ndogo mno ya bei ya roboti. Aliyekizoea kwa miaka kadhaa anakipeleka bila kufikiri, ilhali ndani ya eksoskeletoni kila hatua inadai umakini. Watu wengi huripoti kwamba uchovu wao wa kwanza ni wa akili kabla haujawa wa mikono.

Kuna jambo lingine ambalo watu wenye miguu inayofanya kazi hulisahau kwa urahisi. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson, ambaye mwenyewe alikuwa amevunjika shingo, alichapisha matokeo ya dodoso kwa watu 681 walioumia uti wa mgongo. Aliwauliza ni uwezo gani ukirudi utawabadilishia maisha zaidi. Waliopooza mikono na miguu walitaja kwanza mikono na vidole. Waliopooza miguu pekee walitaja kwanza uwezo wa tendo la ndoa. Kibofu, haja kubwa na uthabiti wa kiwiliwili vilipewa uzito mkubwa. Kutembea kulikuwamo, lakini hakukushika nafasi ya kwanza katika kundi lolote. Utafiti huo husomwa na kunukuliwa sana, na bado fedha na vichwa vya habari vimeelekea miguuni. Baadhi ya wanaharakati wa watu wenye ulemavu husema waziwazi kwamba roboti za kutembea huwafariji watazamaji kuliko zinavyowasaidia wavaaji, na kwamba njia ya mteremko mlangoni mwa benki ingefaidisha watu wengi zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, ingawa inapuuza kitu ambacho wavaaji wenyewe hawachoki kukitaja: kuongea na mtu mkitazamana usawa wa macho.

Faida hiyo ya kusimama, pamoja na ahadi kwamba kutembea kungelainisha choo, kupunguza maumivu na kutuliza misuli inayokakamaa, ndiyo iliyoifanya idara ya maveterani ya Marekani iamue mwishoni mwa mwaka 2015 kuwapatia ReWalk askari wastaafu wanaokidhi vigezo. Idara hiyohiyo iligharamia jaribio kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa juu ya matumizi ya nyumbani. Maveterani 161 kutoka vituo 15 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilibaki na viti vya magurudumu pekee, jingine likapewa viti pamoja na eksoskeletoni kwa miezi minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika vipimo vikuu, vilivyogusa afya ya akili na matatizo ya kibofu, haja kubwa na maumivu, makundi hayo hayakutofautiana. Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili: ama kutembea ndani ya roboti hakuleti manufaa hayo, ama wavaaji hawakutembea kiasi cha kutosha kuyapata. Usomaji wa pili unarudisha suala palepale, kwenye kukubalika.

Kabla ya hatua ya kwanza

Ukitaka kujua kwa nini mashine inayopendwa haivaliwi, tazama kinachotokea kabla haijawashwa. Mtu aketi kitini. Roboti lazima iwe imewekwa kwenye kiti kingine au benchi lenye urefu unaofaa, na mtu ajihamishe kwa nguvu za mikono hadi hapo. Viatu vivuliwe na vingine vivaliwe, au bamba liingizwe ndani ya kiatu. Mikanda ifungwe kifuani au kiunoni, mapajani na chini ya magoti. Kila mkanda ukaguliwe, kwa kuwa ngozi isiyo na hisia haitoi taarifa ikiminywa, na kidonda cha mgandamizo huanza kimyakimya na kuweza kumlaza mtu kwa miezi. Kwa asiyezoea, kazi hii huchukua robo saa au zaidi. Kisha magongo, kisha kusimama, kisha mita chache za kujikumbusha. Kuvua ni safari hiyohiyo kinyumenyume.

Yote hayo hufanyika mbele ya mtu wa pili. Ruhusa ya matumizi ya nyumbani nchini Marekani ilitolewa kwa sharti kwamba awepo msaidizi aliyefunzwa. Lomas naye alitembea London akiwa na mumewe nyuma yake. Sharti hilo ni la busara kiusalama, maana mtu aliyefungwa ndani ya fremu nzito akianguka hawezi kunyanyuka peke yake, na mifupa ya miguu iliyokaa miaka bila kubeba uzito huwa dhaifu na huvunjika kirahisi. Lakini linageuza maana ya kifaa. Kiti cha magurudumu humpa mtu uhuru wa kuondoka bila kumuaga yeyote. Eksoskeletoni humtaka kwanza aulize nani ana nafasi leo. Wenye wake, waume au watoto wakubwa walio tayari huitumia mara nyingi zaidi kuliko wanaoishi peke yao.

Mashine ya Indego, iliyozaliwa katika maabara ya Michael Goldfarb kwenye Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ilijaribu kulipunguza tatizo hili kwa kugawanyika vipande: kiuno, mapaja mawili na miundi miwili, kila kimoja kikivaliwa mtu akiwa kitini mwake. Uzito wake ulikuwa kama kilo 12, karibu nusu ya wapinzani wake. Kwa upande mwingine, Rex ya New Zealand na Atalante ya kampuni ya Kifaransa ya Wandercraft ziliondoa magongo kabisa kwa kutunza mizani zenyewe. Mikono ikawa huru, lakini mashine ikawa nzito, na uzito huo huibakisha zaidi ndani ya kliniki. Hakuna aliyeweza kutoa vyote, na kila mbunifu alichagua ni lalamiko gani la kulijibu.

Mtumiaji wa pili

Hospitalini mambo hubadilika, kwa kuwa anayeamua kama roboti itoke kabatini ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ana mgonjwa kwa dakika 45 au saa moja. Kama dakika 20 zitakwenda katika kupima urefu wa mapaja, kurekebisha fremu na kufunga mikanda, mashine lazima ilipe hasara hiyo kwa hatua nyingi ambazo mikono yake isingeweza kuzitoa. Kwa mgonjwa mzito asiyeweza kusimama kabisa, hulipa: wataalamu wawili waliokuwa wakimbeba na kumsogezea mguu wanapumzisha migongo yao, na hatua kumi zinakuwa mia kadhaa. Kwa mgonjwa anayeweza kupiga hatua chache akishikwa mkono, hesabu hugeuka.

Ushahidi wa kitabibu unakubaliana na silika hiyo. Mwaka 2009 timu ya mtafiti Hidler ililinganisha Lokomat na mazoezi ya kawaida ya kutembea kwa wagonjwa 63 waliokuwa katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi. Waliofanya mazoezi ya kawaida walipata kasi na umbali zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mguu unaosogezwa na mashine huzembea, na ubongo haujifunzi kitu ambacho haujakifanya. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 62 na washiriki 2,440, yana picha ya matumaini zaidi: mashine za kutembeza, zikiunganishwa na fiziotherapia, huongeza uwezekano wa mgonjwa wa kiharusi kutembea bila kushikwa, na wanaofaidika hasa ni walioanza mapema na wasioweza kutembea wakati wa kuanza. Watengenezaji wengi nao wameelekeza programu zao kusaidia pale tu misuli inaposhindwa.

Mtaalamu aliyesoma matokeo hayo hawezi kulaumiwa kwa kuwa mteuzi. Hofu ya kunyang'anywa kazi na mashine, inayotajwa sana kwenye magazeti, huwa ndogo kuliko hofu ya kuaibika: kushindwa kuiwasha mbele ya mgonjwa, au programu kugoma katikati ya hatua. Vituo vinavyotumia roboti zao kila siku mara nyingi huwa na mtu mmoja au wawili wanaoijua vizuri na wenye muda wa kuwafunza wengine. Mtu huyo akihama, mashine ya mamilioni hukaa kona ya ukumbi ikiwa imefunikwa kitambaa.

Japani ilichukua njia ambayo imekubalika kwa urahisi zaidi. HAL, kazi ya Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba na kampuni yake Cyberdyne, husoma kwenye ngozi mawimbi madogo ya umeme yanayotumwa kwenye misuli mtu anapokusudia kusogea, kisha huukamilisha mwendo aliouanza. Iliidhinishwa mwaka 2015 kwa magonjwa kadhaa ya neva na misuli, na mwaka uliofuata bima ya taifa ikaanza kulipia tiba yake. Mgonjwa hainunui wala haendi nayo nyumbani. Huja kwa awamu za matibabu kama anavyokuja kwa dawa ya mshipa, na hospitali hubeba mzigo wa kuitunza. Maswali ya msaidizi, gari na ngazi za nyumbani hayaulizwi. Wanaoiona hii kuwa ndiyo kazi halisi ya roboti za kutembea, mazoezi ya muda ya kuurudisha mwendo wa mtu mwenyewe, wana hoja yenye nguvu kuliko wanaoahidi mwisho wa viti vya magurudumu.

Mwili, mavazi na macho ya watu

Kila eksoskeletoni ina mipaka ya mwili inayoikubali. ReWalk ilitengenezwa kwa watu wa kimo cha kati ya sentimita 160 na 190, wenye uzito usiozidi kilo 100. Wastani wa kimo cha wanawake wa Afrika Mashariki uko chini ya sentimita 160. Kwa hiyo kabla ya bei, umeme au barabara kuzungumzwa, mwanamke wa kawaida wa Tanzania au Kenya ameshaachwa nje na urefu wa paja lake. Magoti yaliyojikunja na kukauka, nyonga zilizokaza, vidonda visivyopona na mifupa iliyodhoofika huwatoa wengine, na haya yote hutokea zaidi pale ambapo huduma za utengamao zilichelewa au hazikuwepo.

Mavazi nayo yana neno. Mikanda imekusudiwa kufungwa juu ya suruali inayobana kiasi. Anayevaa gauni refu, dera au kanzu lazima abadili mavazi, na kwa wengine kubadili huko mbele ya mtaalamu wa jinsia nyingine ni sababu tosha ya kukataa. Watengenezaji wachache wanalitaja suala hili, pengine kwa sababu wajaribu wao wengi walikuwa wanaume. Kuumia uti wa mgongo huwapata wanaume zaidi karibu kila mahali duniani.

Macho ya watu hukata pande mbili. Baadhi ya wavaaji husema kwamba kwenye kiti walikuwa hawaonekani, na ndani ya roboti wanaulizwa maswali kwa heshima. Wengine huchoshwa na kupigwa picha dukani na watu wasiowajua. Mlio wa mota, mgongo mnene wa betri na mwendo wa kukatikakatika huvuta shingo zigeuke. Wagonjwa wa kiharusi, ambao wengi ni wazee na wanaotaka hasa kuonekana kama walivyokuwa, huyavumilia haya kwa shida zaidi kuliko vijana waliovunjika migongo kwenye pikipiki. Kwa kundi hilo la wazee, nguo laini zenye nyaya za kuvuta kifundo cha mguu, kama ile iliyotokana na maabara ya Conor Walsh wa Harvard na kuidhinishwa na FDA mwaka 2019 kwa jina ReStore, zina nafasi nzuri zaidi. Hazimbebi mtu asiyeweza kusimama, lakini humsaidia anayeburuta mguu, na hiyo ndiyo shida ya wengi.

Bei na mwaka wa tano

Mwaka 1993 watafiti Phillips na Zhao waliwauliza watu wazima 227 wenye ulemavu hatima ya vifaa saidizi walivyowahi kupewa. Vifaa 29.3 kati ya kila 100 vilikuwa vimetupwa au kuachwa kabisa. Sababu nne zilijitokeza: maoni ya mtumiaji hayakusikilizwa wakati wa kuchagua, kifaa kilipatikana kirahisi mno, kilifanya kazi vibaya, au mahitaji ya mtu yalibadilika. Kuacha kulitokea zaidi katika mwaka wa kwanza na tena baada ya miaka mitano. Utafiti huo ulitangulia eksoskeletoni za leo kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna uliozielezea vizuri zaidi.

Ya pili kati ya sababu hizo haijawahi kuzisumbua roboti, kwani hakuna aliyezipata kirahisi. Bima za Marekani zilizikataa kwa miaka, zikidai ni majaribio. Mwaka 2024 Medicare, bima ya serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu, ilianza kulipia eksoskeletoni ya mtu binafsi kwa kuiweka katika kundi moja na vyuma vya miguu, na kiwango kilichopangwa kilikuwa kama dola 91,000 kwa mashine moja. Nchi nyingi hazina bima ya kufikiria jambo hilo. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji wanaopata. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho tangu mwaka 1981 kinafunza mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa tiba saidizi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, kinazalisha watu wanaoweza kutengeneza na kurekebisha vyuma vya miguu kwa mgonjwa mmoja mmoja. Uwezo huo wa kurekebisha karibu na nyumbani ndio unaokosekana katika biashara ya roboti hata kwenye nchi tajiri.

Kisa kilichoripotiwa Marekani mwaka 2024 kinaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Mwanamume aliyekuwa joki kabla ya kupooza alikuwa ametembea kwa eksoskeletoni yake kwa karibu miaka kumi na kupiga mamia ya maelfu ya hatua. Waya wa kifaa kidogo cha mkononi kinachoiongoza ulipata hitilafu. Mtengenezaji alikataa kuutengeneza kwa maelezo kwamba mashine imepita muda wake wa huduma wa miaka mitano. Vyombo vya habari vilipoingilia, ulitengenezwa. Mtu huyo alikuwa ameikubali roboti yake kwa kiwango ambacho hakuna dodoso lingeweza kukipima, na alikaribia kuhesabiwa miongoni mwa walioacha kwa sababu ya waya.

Mashine inayomfuata mtu kitini

Tangu mwaka 2016, Chuo Kikuu cha ETH Zürich huandaa Cybathlon, mashindano yaliyobuniwa na Robert Riener ambamo watu wenye ulemavu hushindana wakiwa na vifaa vyao. Katika mbio za eksoskeletoni hakuna zawadi ya kutembea tu. Mshindani hukaa kwenye sofa la chini na kusimama, hupita kati ya samani, hukanyaga juu ya mawe, hupanda ngazi. Kazi hizo zilichaguliwa kutoka katika maisha ya siku, na zimewabana wahandisi kuliko maabara yoyote.

Mshindi wa mwaka 2024 alikuwa Kim Seung-hwan wa Korea Kusini, mwanatimu wa taasisi ya KAIST ambaye mwenyewe amepooza miguu. Roboti yake, WalkON Suit F1, ina jambo ambalo halihusiani na kasi: inasimama na kutembea yenyewe hadi mbele ya kiti cha magurudumu, na mtu huivaa kwa mbele akiwa ameketi palepale, bila kuhamia benchi na bila mtu wa pili kumnyanyulia fremu. Inatunza mizani yake pia, hivyo mikono hubaki huru. Bado ni mashine ya mashindano, nzito na isiyouzwa madukani. Lakini orodha ya matatizo iliyojibiwa na wabunifu wake, yaani kuhama, kuvaa, msaidizi na magongo, ni ileile ambayo wavaaji wamekuwa wakiitoa tangu siku walipoulizwa mara ya kwanza.